Sanduku Lililopika Mayai

Kila asubuhi Mama Kuku alianza kazi kwa kusikiliza banda. Majogoo wakinyamaza, kuna jambo. Kuku wakipiga kelele ovyo, kuna jambo zaidi. Asubuhi ile banda lilikuwa sawa kabisa. Harufu ndiyo haikuwa sawa. Ilitoka ndani ya nyumba, kwenye sanduku la umeme la kutotolesha vifaranga. Ilikuwa harufu ya mayai ya kuchemsha.

Alifunua sanduku, akatoa yai, akaligonga ukingoni. Gumu. Akagonga la pili. Gumu. Mayai yote aliyoyachagua kwa mkono wake na kuyageuza asubuhi na jioni yalikuwa yameiva.

"Baba watoto," aliita kwa sauti ya chini. Waliomjua Mama Kuku walijua kuwa sauti yake ya chini ndiyo mbaya. "Njoo ule."

Mumewe alikuwa fundi redio. Sanduku lile alilitengeneza yeye, pamoja na saketi ya kuwasha na kuzima joto. Alichungulia ndani, akajikuna kichwa.

"Waya wa kihisi joto, kile kinachopima joto la ndani, umechomoka tu," alisema.

Tu! Mama Kuku alihisi damu ikimchemka. Mara ya kwanza saketi iliungua, mayai yakapoa yote. Sasa yamepikwa. Wateja waliomngoja vifaranga walikuwa wameanza kumkwepa njiani. Akiwakosesha tena, hawatarudi, na banda atalifunga.

"Majaribio yako unayafanyia kwenye mayai yangu," alisema. "Yai langu haliingii tena humo mpaka unionyeshe kuwa hicho kidude chako kinafanya kazi."

Fundi alinuna, lakini alijua mkewe amesema kweli. Alikuwa amesikia kuwa zipo programu za kuigiza saketi. Unachora saketi yako kwenye kompyuta, nayo inakuonyesha itakavyofanya kazi kabla hujaunguza kifaa hata kimoja. Basi akaketi mbele ya kompyuta kuukuu ya nyumbani, akatafuta, akabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote kilichoandikwa "Pakua bure". Kumbe kilikuwa tangazo. Kompyuta ikajaa picha za kamari, ikawa nzito kama inavuta gogo.

Alipomaliza kuisafisha, akapata programu nyingine, nzuri, inang'aa. Akachora saketi yake yote kwa uangalifu. Siku moja akaifungua, ikamwambia muda wa majaribio umekwisha, alipe. Mchoro wake ulikuwa umefungiwa ndani. Fundi akapiga meza kwa kiganja. Sasa nyumba ilikuwa na wenye hasira wawili, na hata paka alihamia kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi. Alipomrudisha paka, akakuta watu wamenuniana. Akaelezwa yote, na yeye pia akakasirika.

"Hao hata mimi waliniliza," alisema. "Bure ziko nyingi. Kuna bure ya kuonja. Muda ukiisha unafukuzwa, kazi yako inabaki kwao. Na kuna bure ya kweli, unatumia mpaka uchoke mwenyewe. Soma masharti kabla ya kupakua, siyo baada ya kulia."

"Na hiyo ya kweli nitaijuaje?" Fundi aliuliza.

Mwalimu alimwambia asianze na kitufe, aanze na watu. Aulize mafundi na walimu wanatumia programu gani. Akishapata jina, aende kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe. Tena aangalie kama programu inaendana na kompyuta yake, kama ina vifaa anavyotumia, na kama mchoro unahifadhiwa kwake mwenyewe.

Wakaulizia, wakapata tatu. Ya kwanza ilipendeza, lakini bila intaneti haifunguki, na kifurushi chao cha intaneti kilikuwa kinaisha kila mara. Ya pili ilikuwa nzito mpaka feni ya kompyuta ikanguruma. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya bure kweli, na haikuhitaji intaneti. Fundi alilalamika kuwa sura yake ni mbaya.

"Unataka kuioa au kuitumia?" Mama Kuku aliuliza.

Kabla ya kuiamini, Mwalimu alitaka waiulize swali ambalo jibu lake wanalijua. Fundi akachora betri na taa moja, akapiga hesabu kwenye karatasi. Kompyuta ikatoa jibu lile lile. Ndipo akachora saketi ya sanduku. Joto likapanda, saketi ikazima. Likashuka, ikawasha. Fundi akatabasamu. Mkewe hakutabasamu.

"Chomoa waya," alisema.

"Upi?"

"Ule uliopika mayai yangu."

Fundi akaufuta mstari mmoja kwenye mchoro. Joto likapanda, likazidi kupanda, wala saketi haikuzima. Mwalimu akaeleza kuwa waya ukikatika, saketi inadhani kuna baridi, kwa hiyo inaendelea kuwasha.

"Kwa hiyo ilikuwa hivi tangu siku ya kwanza," Mama Kuku alisema polepole. "Nawe ukaniambia waya tu."

"Nimekosa, mke wangu."

"Usiniombe radhi. Tengeneza."

Fundi akaongeza kwenye mchoro sehemu ya kuzima joto waya ukikatika. Mkewe akaamuru waya uchomolewe tena, na tena. Kila mara saketi ilizima. Mwalimu akawaonya kuwa kompyuta haioni waya uliolegea wala vumbi. Basi saketi mpya ilipokamilika, waliijaribu kwanza kwa chupa za maji na kipimajoto. Mayai yakaingia mwisho.

Mchana mmoja Mama Kuku alikuwa akigeuza mayai, mkono wa gauni ukanasa waya wa kihisi joto. Waya ukachomoka. Akaweka kiganja juu ya mayai, akangoja. Joto halikupanda. Saketi ilikuwa imejizima yenyewe.

"Baba watoto," aliita kwa sauti ya chini.

Fundi alikuja mbio.

"Waya umechomoka," mkewe alisema. "Tu."

Fundi akaurudisha na kuukaza kabla mayai hayajapoa. Asubuhi moja baadaye, vifaranga walipoanza kulia ndani ya sanduku, Mama Kuku alimwita tena mumewe. Safari hii aliita kwa sauti kubwa, mpaka Mwalimu akasikia kule kwake.