Jina Lililoitwa Kituoni

Kila Jumamosi asubuhi Sikudhani alifagia uwanja, akachota maji kwenye bomba la mtaa, kisha akakaa kizingitini na daftari lake la darasa la sita. Nyumba yao ilikuwa Manika, mjini Kolwezi. Baba yake, Tata Swedi, alikuwa na lori la kubeba mizigo, na watu wa njia yote ya Lubudi walimfahamu.

Jumamosi moja ya mwaka 1974 daftari halikufunguliwa. Lori lilikuwa limeharibika Fungurume, baba yake alikuwa amekwenda kulitengeneza, na mama yake, Hawa, alikuwa amejifungua siku sita tu zilizopita. Kwa hiyo ni Sikudhani aliyetakiwa kwenda kituo cha treni kumpokea Mama Bilonda wa Lubudi, ambaye baba yake alimfahamu katika safari zake. Mgeni huyo alikuwa akimleta mwanawe, Kisimba, apasuliwe jicho hospitalini siku ya Jumatatu. Hakuwa amewahi kufika Kolwezi.

Kabla ya kuondoka, Tata Swedi alikuwa ametoa maagizo yake. Sikudhani awahi, asimame karibu na dirisha la tiketi, na amtafute mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani na mtoto aliyefungwa bandeji jichoni. Akimwona, amwendee polepole na kujitambulisha. Jina la mgeni asilitaje mbele za watu.

Sikudhani hakuwahi. Njiani alimkuta Fidélie, rafiki yake wa shule, wakapiga gumzo mpaka honi ya treni ikasikika. Alipofika kituoni akihema, watu walikuwa wamejaa kote, wenye magunia ya unga na wenye kuku, na hakuona kitambaa cha kijani popote. Hofu ikamshika. Je, kama mgeni ameshatoka nje? Akapanda juu ya benchi, akaita kwa nguvu, "Mama Bilonda wa Lubudi! Mgeni wa Tata Swedi!" Akaita tena mara ya pili.

Hakuna mwanamke aliyeitikia. Mtu mmoja tu ndiye aliyegeuza kichwa, mwanamume aliyevaa abakosti ya kijivu, suti ile isiyovaliwa na tai, kalamu mbili mfukoni. Alimtazama Sikudhani kidogo, kisha akapenya katikati ya watu, akielekea mabehewa ya nyuma, ambako abiria walikuwa bado wanashuka.

Sikudhani alishuka, akaanza kutafuta behewa kwa behewa. Alipofika la mwisho alimwona mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, mtoto mgongoni. Mbele yake alitembea yule mwanamume wa abakosti, naye ndiye aliyebeba sanduku.

Sikudhani aliwakimbilia, akasimama mbele yao. "Jambo mama. Mi ni mutoto wa Tata Swedi. Baba amenituma nikupokee."

Mwanamume akatabasamu kwa upole, kama mtu mzima anayemhurumia mtoto. Akamwambia Mama Bilonda asishangae, kwani batoto ba kituoni ndivyo walivyo: wanasikiliza majina ya wageni, kisha wanawapeleka kwa wezi. Yeye ndiye aliyetumwa na Tata Swedi, na gari lilikuwa likingoja nje. Ingefaa wafanye haraka.

Mama Bilonda alimtazama mwanamume, akamtazama msichana. Hakumwamini yeyote kati yao, na uso wake haukuficha jambo hilo. Mmoja alikuwa na nguo safi na maneno mazuri. Mwingine alikuwa na vumbi miguuni na alikuwa akihema. Wote wawili walijua jina lake, na wote wawili walimtaja Tata Swedi.

"Niwekee sanduku chini kidogo," akamwambia mwanamume. "Nataka kutoa dawa ya mutoto."

Mwanamume alisita, lakini watu walikuwa wakipita, akaliweka chini. Mama Bilonda hakutoa dawa yoyote. Alilikalia sanduku, akampakata Kisimba.

Hapo Sikudhani alielewa kilichotokea. Mtu huyu hakutumwa na baba yake. Jina alilipata kinywani mwa Sikudhani mwenyewe, aliposimama juu ya lile benchi. Alijua pia kwamba akilisema hilo, baba atasikia kuwa amevunja agizo lake. Angeweza kunyamaza, au kudai kwamba mtu huyo ni mchawi anayejua majina ya watu.

"Mama, kosa ni langu," akasema. "Nilichelewa, nikaita jina lako kwa sauti. Yeye alikuwa karibu, akasikia. Tuulize kitu ambacho sikukitaja."

Mwanamume alicheka kidogo. Mama Bilonda hakucheka. Alimgeukia mwanamume kwanza, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mguu wa Tata Swedi umepona?"

"Umepona vizuri," mwanamume akajibu bila kusita. "Jana tu tulitembea pamoja. Anakusalimia sana."

"Na wewe, mutoto?"

Sikudhani alichanganyikiwa. Mguu gani? Baba aliondoka nyumbani akitembea vyema. Labda aliumia huko Lubudi akawaficha. Ingekuwa rahisi kukubali kama mwenzake alivyokubali, lakini hakulijua jambo hilo, wala hakutaka kulibuni.

"Sijui, mama," akasema. "Mi sijaona baba akiumwa mguu."

Mama Bilonda akatikisa kichwa taratibu. "Hakuumwa. Jambo hilo nimelitunga sasa hivi."

Mwanamume alisema kwamba huenda yeye mwenyewe alimchanganya Tata Swedi na Swedi mwingine, na kwamba angemwita dereva aje kulieleza jambo hilo vizuri. Akaondoka kwa hatua ndefu, wala hakurudi.

Hata hivyo Mama Bilonda hakumfuata Sikudhani mara moja. Alimpeleka kwanza dirishani, kwa karani wa tiketi aitwaye Tshibangu, akamuuliza kama anamjua msichana huyu. Tshibangu alijibu kwamba anamjua tangu akibebwa mgongoni. Ndipo wakatoka. Njia nzima mpaka Manika Mama Bilonda alibeba sanduku lake mwenyewe, akiwa nyuma hatua mbili, na Sikudhani aliona haya kugeuka.

Jioni Tata Swedi alirudi. Sikudhani alimweleza yote, hata gumzo na Fidélie, kabla mgeni hajafungua kinywa. Baba yake akamuuliza mgeni kulikuwa na nini ndani ya sanduku.

"Barua ya daktari wa Lubudi," Mama Bilonda akajibu. "Bila barua hiyo wasingempokea Kisimba Jumatatu."

Sikudhani akainamisha kichwa.

"Umesikia," Tata Swedi akamwambia. "Jina la mgeni ni kama mlango wake. Ukilitangaza, umemfungulia kila mtu. Na wewe ukifika mji usioujua, usimpe mtu jibu ukitaka kumpima. Mwache aseme mwenyewe. Mzigo wako usitoke mikononi mwako, na anayekuharakisha umwogope zaidi. Ukiwa na shaka, nenda kwa mtu mwenye dirisha na kazi inayojulikana. Leo ulikosea kwa kuchelewa na kwa kuita. Lakini uliposema ukweli, ndipo mama huyu akapata njia ya kujua nani ni nani."

Mama Bilonda alikuwa akimlisha Kisimba. Alipomaliza alilivuta sanduku, akatoa bahasha ya daktari, akamkabidhi Sikudhani.

"Itunze mpaka Jumatatu," akasema. "Wewe ndiye utakayetupeleka hospitalini."