Bastola Niliyoisugua

Jioni ile nilitumwa kitu chepesi tu. Nipeleke bastola ya marehemu Ignace kwenye duka la silaha za kale kule Kensington ikakadiriwe bei, nichukue karatasi, nirudi kwetu Yeoville, hapa Joburg, kabla giza halijaingia.

Aliyenituma ni Jeannine, mjane wake. Mguu wake ulikuwa umevimba, na kumtuma mwanamume aliogopa, wanaume na silaha unawajua. Akaniamini mimi. Mtaa mzima ungemcheka. Mimi Emérite, mzaliwa wa Buyenzi, siri ikiingia kwangu inalala usiku mmoja tu, asubuhi imeshafika saluni. Lakini siibi. Jeannine alilijua hilo.

Bastola yenyewe ilikuwa bubu. Ignace alikuwa askari mlinzi, na mzungu mmoja mzee aliyemlindia nyumba miaka mingi ndiye aliyemwachia. Ya Kibelgiji, ina zaidi ya miaka mia. Mtutu umezibwa kwa chuma, na karatasi ya polisi ipo. Jeannine alitaka kuiuza ili binti yao, Sagesse, aingie chuo cha unesi.

"Mama Emérite, hii ndiyo shule ya mtoto," aliniambia. "Hakuna nyingine."

Sasa mimi nikafikiri: kitu cha kuuza kinapelekwaje sokoni na uchafu wake? Kilikuwa na weusiweusi kama chungu cha maharage. Nikakisugua kwa waya wa masufuria, majivu na limau. Kikang'aa kama kijiko cha harusi. Nikajisifu.

Duka lile kuliingia ni kazi. Unapita mlango wa kwanza wa kioo kinene, unajifunga nyuma yako. Unasimama kwenye kichumba kama kabati la nguo. Ndipo wa pili unafunguka. Milango miwili haifunguki pamoja, ni kwa ajili ya majambazi. Nilipita vizuri. Taa ikawaka kijani, nikaingia na mkoba wangu.

Mkadiriaji ni Mzee Khatibu, mtu wa Tanga, kazi ya silaha za kale ameifanya miaka thelathini. Alinikaribisha kwa adabu zote. Nilipoifungua kanga na bastola ikaonekana, alivua miwani yake.

"Nani ameisugua?"

"Mimi, baba. Ilikuwa chafu."

"Ule haukuwa uchafu, bibi. Ile ndiyo rangi yake ya kiwandani. Watu wananunua ule weusi." Akaigeuza polepole. "Namba zote zinalingana. Mpini ni wake. Ungeileta kama ilivyokuwa, ingefika randi elfu thelathini. Sasa ni tano, na mnunuzi awe mpole."

Nimesugua shule ya mtoto wa watu kwa limau.

"Hakuna dawa?" nikauliza.

"Labda historia. Watu hawa wanapenda historia. Hebu nieleze, marehemu aliizibisha mtutu kwa nini? Bastola kama hii mwenyewe haiharibu hivi hivi."

Mimi nilijuaje? Lakini mdomo wangu haujui kukaa bure. Nilisikia unasema, laini kabisa:

"Aliua mtu nayo."

Mzee Khatibu akachukua kalamu. "Nani?"

"Mtu mmoja Selemani. Fundi saa. Mkono wa kushoto hana kidole kidogo. Ilikuwa hapa hapa Joburg, miaka ishirini iliyopita, kisa mwanamke. Hawakumwona tena."

Haki ya Mungu, nilibuni yote. Hata sijui kidole nilikitoa wapi.

"Nikiandika ni neno lako, bibi. Utatia sahihi."

"Andika."

Akaandika kwa Kiingereza, nikatia sahihi, akagonga muhuri. Randi elfu thelathini na nane. Kuna mnunuzi wa vitu kama hivyo, akasema, silaha yenye maiti ina watu wake. Nikakunja karatasi, nikaifunga bastola kwenye kanga, nikaaga kwa furaha. Nje jua lilikuwa linazama, baridi ya mwezi wa sita imeanza kuuma.

Nikaingia kile kichumba.

Mlango wa ndani ukajifunga nyuma yangu. Nikangoja wa nje ufunguke.

Taa nyekundu.

Sauti ya mashine, ya mwanamke, ikasema kwa Kiingereza chake kisafi: mtu mmoja mmoja, tafadhali.

Nikacheka. Nikamgeukia Mzee Khatibu kupitia kioo, nikajionyesha kwa kidole: mimi huyu mmoja. Akabonyeza tena.

Mtu mmoja mmoja, tafadhali.

"Simama katikati," sauti yake ikatoka kwenye kispika kidogo juu yangu. "Sakafu hiyo ni mizani. Bibi, samahani… unapima kilo ngapi?"

"Mzee, hilo ni swali la kumwuliza mwanamke?"

"Niambie tu."

"Sitini na nane. Kliniki, wiki iliyopita."

Aliangalia skrini yake, akaniangalia mimi, akaangalia pembeni yangu.

"Hapa naona mia thelathini na moja."

Nikasukuma mlango wa nje. Chuma. Nikarudi wa ndani. Chuma. Mzee alibonyeza vitufe vyote, mlango haukufunguka hata mmoja, kwa sababu mashine imekubaliana na nafsi yake kwamba tuko wawili. "Nampigia fundi," akasema. "Nusu saa, bibi. Usiogope." Akaenda kwenye simu, akanipa mgongo.

Kile kichumba nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Nilinyoosha mkono wa kulia, nikagusa kioo. Nilinyoosha wa kushoto…

Sikumaliza kuunyoosha. Nikaurudisha kifuani.

Kioo cha nje kilianza kupata ukungu wa pumzi. Doa la kwanza lilikuwa langu, mbele ya mdomo wangu. La pili lilikuwa juu zaidi. Urefu wa mwanamume.

Nikajua ni Ignace. Nani mwingine? Nimemchafua marehemu, matanga yake bado hayajaondolewa. Kwetu mtu hasemwi vibaya kabla ya matanga kuondolewa, hata mimi huwa nangoja. Nikanong'ona:

"Ignace, baba, nisamehe. Ulikuwa mtu mwema. Hukuua mtu. Nimesema uongo kwa ajili ya mtoto wako."

Mtu mmoja mmoja, tafadhali.

Hewa ikawa nzito. Ukungu wa juu ukakua, ukashuka, ukaja karibu na wangu.

"Ignace hakuua mtu," nikasema tena. "Nitamwambia mzee afute."

Ndipo nikasikia harufu. Ignace alikuwa mtu wa ugoro, ukikaa naye unapiga chafya. Hii haikuwa ya ugoro. Ilikuwa mafuta… mafuta mepesi, kama ya cherehani. Na chini ya sauti ya mashine kulikuwa na sauti nyingine, karibu na sikio langu.

Tik. Tik. Tik. Siyo saa moja. Saa nyingi, ndogondogo, kila moja na mwendo wake.

Mkono ukatua begani mwangu, polepole, kama wa mtu anayetaka nafasi apite. Sikugeuka. Nilihesabu tu.

Vidole vitatu na gumba.

Basi nikaelewa nilikuwa namwomba msamaha mtu asiyekuwepo. Na aliyekuwepo, kila nilipofuta kauli yangu, ndivyo alivyozidi kunibana. Mkojo ulikuwa umeshanitoka, sioni aibu kuandika. Nikasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Selemani, Ignace alikuua. Nimesema, nimetia sahihi, sifuti."

Mkono ukaondoka.

Taa ya kijani.

Nilishuka taxi pale kwa Jeannine sijui nimelipaje. Alikuwa ameweka mguu kwenye kiti, Sagesse anampakulia chakula jikoni. Nikampa karatasi. Nilitaka akiisoma nimweleze kwamba ile hadithi ni yangu, nimeitunga dukani, na anisamehe. Alianza kutabasamu alipoona bei. Kisha akasoma chini.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa tu usoni, halina mwenyewe.

"Sagesse," akasema, "nenda dukani ukaninunulie maziwa."

"Yapo, mama."

"Nenda."

Mtoto alipotoka, Jeannine alisimama na mguu wake mbovu, akafunga geti la chuma la mlangoni, akaweka ufunguo kwenye sidiria.

"Jina hili nani amekupa?"

"Nimebuni, mwanangu. Nilikuwa nimeharibu bastola, nikabuni."

"Hakuna mtu anayebuni kidole." Alinong'ona, lakini meno yalikuwa yanagongana. "Ignace alilitaja jina hili usingizini, miaka yote. Macho yakifunguka anakataa. Nilikuwa namtengenezea Selemani chai, mama. Alikuwa anatengeneza saa sebuleni kwangu. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna anayejua."

"Wewe? Wewe ukae na kitu hakuna anayejua?"

Miaka sabini nimeongopa watu wakaniamini. Siku moja nimesema kweli, nimefungiwa ndani. Alinishikilia mpaka Sagesse aliporudi na maziwa, akagonga geti, akagonga tena. Bastola iliuzwa wiki iliyofuata, mtoto yuko chuoni. Jeannine hanisalimii. Nimemkumbusha mtu aliyekuwa akinywa chai kwake, na hajui nimempata wapi. Mimi pia sijui.

Tangu hapo saluni wanasema Mama Emérite ameokoka. Sijaokoka. Uongo siuogopi, nimezeeka nao. Naogopa kubuni nikapatia.

Jana Falonne, msusi wa hapa chini, alipanda kwangu analia. Mumewe alienda Durban kuchukua mzigo, siku ya tisa leo, simu haipatikani. "Mama," akasema, "wewe unasikia mengi. Nidanganye hata kidogo nipate usingizi."

Nikafungua mdomo nimfariji. Jina la barabara lilikuja lenyewe. Likafuata la mto. Ikafuata rangi ya shuka aliyofunikwa.

Nikamwambia sijui kitu, mwanangu, nenda kalale. Nimeuma ulimi mpaka leo asubuhi una damu.