Daktari Anaomba Mlango

Ulikuwa mwaka wa korona. Kliniki ilipunguza watu, na Daktari wa akina mama akaambiwa ahudumie wajawazito kwa simu, akiwa nyumbani.

Kila asubuhi alikaa kwenye meza ya chakula. Simu aliiweka kwenye spika, ili mkono mmoja uandike na wa pili umlishe mtoto. Mumewe, mwalimu, alikuwa amekiwahi chumba chenye mlango. Alifundisha humo kwa kompyuta. Mama mkwe alikaa pembeni, akikunja nguo.

Siku moja mama mwenye mimba ya miezi saba alipiga simu.

"Daktari, dawa za presha nimeacha. Wifi zangu wakiziona watasema niliwaficha ugonjwa."

Kabla Daktari hajajibu, mama mkwe alidakia, "Waache waseme mpaka midomo iwaume, binti yangu. Wewe meza dawa."

"Kumbe mko wengi," ile sauti ilisema. Simu ikakatika.

Daktari alipiga mara tano. Haikupokelewa.

"Si nimemsaidia tu?" mama mkwe aliuliza.

"Umemwambia kweli, mama. Lakini siri ile alinipa mimi peke yangu. Sasa hapokei simu yangu, na dawa hamezi."

Mchana, Daktari alimweleza jirani yake uani. Jirani alikuwa karani wa mahakama, na kazi ilikuwa imemfuata nyumbani yeye pia.

"Kliniki ulikuwa na mlango," jirani alisema. "Hapa unao?"

"Wa chooni."

Jirani alicheka. "Basi dai wa chumba. Usiombe kama msaada, hiyo ni kazi. Panga saa, wote wazijue. Zima spika, vaa waya za masikioni. Na kabla mgonjwa hajasema lolote, mwambie uko peke yako. Kisha muulize kama naye yuko peke yake."

Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini walipokaa kula, aliweka kijiko chini.

"Mwalimu, kile chumba tugawane. Saa mbili mpaka saa sita ni changu, na mtoto ni wako."

"Na darasa langu?"

"Lihamie mchana."

"Mchana wanafunzi husinzia."

"Hata asubuhi wanasinzia. Nimewasikia wakikoroma."

Mama mkwe alicheka mpaka akaomba maji. "Mpe, mwanangu. Mlangoni nitakaa mimi."

Daktari akamwandikia yule mama: "Nilikosea, simu ilikuwa kwenye spika. Sasa niko chumbani peke yangu, saa mbili mpaka saa sita, kila siku."

Siku mbili zilipita. Ya tatu, simu ililia.

"Yule mama yupo?"

"Yuko nje, hasikii. Na wewe, uko peke yako?"

"Niko bafuni, nimefungulia maji." Akashusha pumzi. "Kichwa kinanipasuka tangu jana. Naona ukungu. Uso umevimba."

"Hizo ni dalili za hatari. Usingoje kesho. Nenda hospitali sasa hivi, nawapigia wakupokee."

Alifika kwa wakati. Alilazwa, presha ikadhibitiwa, na baada ya wiki nne akajifungua salama. Asubuhi hiyo alipiga simu, na Daktari akasikia kilio chembamba cha mtoto mchanga masikioni mwake.

Alitoka chumbani macho mekundu, anatabasamu.

"Kuna nini huko?" mama mkwe aliuliza.

"Kazi, mama."

Mama mkwe alilimeza swali la pili. Akasogeza kiti chake karibu na mlango.

"Basi rudi ndani, mkwe wangu. Saa sita bado."