Samaki wa Birika la Bi Radhiya

"Hapo hapo, Gharib! Usivuke kizingiti changu."

Gharib akabaki na mguu mmoja hewani, kikapu cha makomamanga mkononi. Mbele yake, kwenye baraza ya daka, ukumbi wa mlangoni, alikaa Bwana Abdulqadir, baba wa mchumba wake Alawiya. Pembeni yake alijinyoosha Jeilani, mtoto wa nduguye, anatafuna tambuu kama mtu aliyekwisha kuona mwisho wa mchezo.

"Bwana Abdulqadir, asalaam aleikum kwanza."

"Waaleikum salaam. Salamu nimeipokea. Mguu sijaupokea, urudishe."

Gharib akaurudisha. Uso ulimwiva. Alikuwa fundi wa chokaa kutoka Pate, kijana wa kujivunia kazi yake, na mtu akimkanyagia heshima yake alichemka kabla ya maji.

"Kuna nini, mzee wangu?"

"Kuna homa. Alianza mke wangu, akafuata binti yangu Saadiya, leo mwanangu Fadhil ameamka meno yanagongana. Nyumba yangu nzima inatetemeka."

"Mwenyezi Mungu awape shifaa. Lakini homa yao na mguu wangu wapi na wapi?"

Jeilani akatema tambuu.

"Ami, niachie mimi. Fundi, birika la kutawadhia la nyumba hii nani alilipaka chokaa upya?"

"Mimi. Na mji mzima wa Amu hakuna birika jeupe kama hilo."

"Na la Bi Swafiya, hapo ng'ambo?"

"Mimi."

"Na la mzee Bwanamkuu?"

"Mimi pia. Wanitafutia kazi au wanitafutia ugomvi?"

"Nyumba zote tatu wamelala na homa. Birika letu hukuligusa, na sisi wazima wa afya. Niambie mwenyewe, fundi. Wewe una mkono gani huo?"

Bwana Abdulqadir akashusha sauti, kama aliyeona haya kidogo. "Mwalimu wa nyota naye ametazama. Anasema nyota yako na ya binti yangu hazilingani."

"Mwalimu huyuhuyu aliyesema kabla ya posa kwamba nyota zetu zimelala mto mmoja? Zimegombana lini?"

Mtu mmoja aliyekuwa akipita ndiani, kwenye kichochoro, akacheka. Bwana Abdulqadir hakucheka.

"Au si nyota," akasema Jeilani. "Labda chokaa yake ina sumu."

Hapo Gharib akaliweka kikapu chini.

"Leteni kata ya maji ya birika hilo. Sasa hivi!"

Mama mzee Barka, aliyewalea watoto wa nyumba ile, akaileta. Gharib akafumba macho kwa hasira, akanywa, akamaliza hadi tone la mwisho, akaigeuza kata juu chini mbele ya Jeilani.

"Nikifa kabla ya adhuhuri, Alawiya muoe wewe, maana ndilo unalolitaka. Nisipokufa, funga mdomo."

Hakufa. Lakini Bwana Abdulqadir alikuwa ameshasema neno lake: ikifika Ijumaa na homa haina maelezo mengine, posa itarudi kwa mwenyewe.

*

Gharib alirudi alikopanga, akaketi, akatunga. Alijifundisha mwenyewe kutunga, kwa kusikiliza watu wazima wakijibizana barazani na kuhesabu mizani kwa vidole. Barka alipopita kumjulia hali, alimshika mkono.

"Mama Barka, utaihifadhi kichwani?"

"Nimehifadhi mengi mazito kuliko hayo yako. Haya, nena."

*Nimetenda kosa gani, nifukuzwe kama homa?*
*Nyota yangu i mbinguni, haina jino la nyama.*
*Niambie wa moyoni, waniona bado mwema,*
*Au nawe u kundini, la wanaonisukuma?*

"Maskini," akasema Barka. "Tamu. Lakini mbona mwisho wake kama unamgombeza mtoto wa watu?"

"Mpelekee vivyo hivyo."

Akaenda. Alasiri akarudi anahema, akakaa kizingitini na kujipepea kwa ncha ya kanga.

"Kasema nini? Kalia?"

"Hakulia. Kasema, 'Mwambie Gharib aweke tungo zake kando, anijibu neno moja tu: samaki wako wapi?'"

"Samaki gani?"

"Ndilo nililomuuliza mimi. Akanambia wewe unajua. Kesho adhuhuri, watu wakilala, usimame ndiani chini ya wikio."

Usiku ule Gharib aligeuka kitandani kama anayelalia changarawe. Alikuwa akingoja ubeti wa mapenzi, akaletewa samaki.

*

Wikio la nyumba ile lilikuwa chumba cha juu kilichovuka ndia na kuiunga nyumba ya Bwana Abdulqadir na ya Bi Swafiya. Wanawake walipita humo kwenda kwa jirani bila kukanyaga ndia, na habari za mtaa zilipita pamoja nao. Jua la adhuhuri lilipowalaza watu, Gharib alisimama chini yake. Juu, nyuma ya dirisha la nyavu za mbao, kulisikika kikohozi cha Bi Radhiya, bibi yake Alawiya, kumjulisha kwamba mchumba hayuko peke yake.

"Gharib," ikaja sauti ya Alawiya. "Hujambo tumbo?"

"Usinicheke."

"Sikucheki. Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Nani anaumwa, nani mzima, analala wapi, anatumia maji gani. Kwa Bi Swafiya nimekaa hadi akadhani nataka kuazima kitu."

"Umepata nini?"

"Jeilani hakusema uongo. Homa imefuata mkono wako."

Damu ikampanda. "Hata wewe!"

"Nisikilize hadi mwisho. Wewe ukisikia nusu ya neno umeshatunga beti kumi. Kama ni sumu ya chokaa, katika nyumba yetu nani anayagusa maji yale kuliko wote?"

Gharib akasogea karibu na ukuta.

"Ni mimi," akajibu Bi Radhiya kutoka gizani. "Natawadha kwayo kila sala, na za sunna juu yake. Na ni mzima kama jiwe la ukuta."

"Basi si maji," akasema Alawiya. "Nikajiuliza, bibi ana nini tusichokuwa nacho sisi? Si dawa, si hirizi. Hirizi hata Fadhil anazo mbili. Bibi analala ndani ya chandarua chake alichokuja nacho kutoka hija. Sisi wengine tunalala wazi. Na tangu ulipopaka birika, Gharib, nyumba hii mbu wanaimba kama maulidi."

"Mbu?"

"Fadhil alisikia huko forodhani daktari wa serikali akitangaza kwamba homa ya baridi huchukuliwa na mbu, mtu kwa mtu. Akatusimulia, sote tukacheka. Jana sikucheka. Nilichukua taa nikaenda birikani, nikainama. Maji yamejaa viluwiluwi vya mbu, vinajipinda juu chini. Hao ndio uliowanywa mbele ya Jeilani."

Gharib akajishika koo. Kule juu Bi Radhiya akacheka mpaka kikohozi kikamrudia.

"Nimekwenda kwa Bi Swafiya na kwa mzee Bwanamkuu," akaendelea Alawiya. "Ni hivyohivyo. Kwa kina Jeilani, maji safi, samaki wadogo wanazunguka wakivila, hakuna kiluwiluwi hata kimoja. Sasa nijibu. Samaki wetu wako wapi?"

Hapo Gharib akakumbuka. Chokaa mbichi huua samaki, ndiyo maana kila fundi huwatoa kwanza, akawaweka mtungini, na maji yakibadilishwa mara kadhaa akawarudisha. Yeye aliwatoa. Hakuwarudisha.

"Niliwamwaga mferejini," akasema polepole.

"Katika nyumba zote tatu?"

"Zote."

"Kwa nini, Gharib?"

Angeweza kusema alisahau. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini sauti ile ya juu haikuwa ya kudanganywa.

"Nilisugua chokaa ile kwa jiwe mpaka ikang'aa kama yai. Siku nzima nimepiga magoti. Nikaona samaki wataniwekea uchafu na ukijani. Nikataka mtu akiinama kutawadha, aione kazi yangu."

Punda akalia mbali, upande wa pwani.

"Mwanangu," akasema Bi Radhiya, safari hii bila kucheka, "mimi nilipoolewa katika nyumba hii, mama mkwe wangu alinikabidhi samaki wale kabla ya funguo. Hakunieleza sababu. Naye labda hakuijua. Alinambia tu, 'Wasipungue.'"

"Bibi, nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Kuna walio na homa."

"Fadhil ameletewa kwinini, dawa ya daktari," akasema Alawiya, "na kila mgonjwa atapewa. Lakini mbu wapya watatoka kila siku. Nenda ukamwambie baba. Barazani, baada ya alasiri, watu wakiwapo. Aliyekufukuza mbele za watu akusikie mbele za watu."

"Jeilani atanicheka mpaka atapike!"

"Atacheka."

"Nami nimwambie Amu nzima kwamba fundi Gharib aliringia chokaa yake mwenyewe?"

"Unaweza pia kuchukua posa yako ukarudi nayo Pate, sifa yako nzima, haina hata mkwaruzo. Chagua."

Gharib akainua macho. Nyuma ya zile nyavu aliona ncha za vidole vyenye hina, zimeshika ubao kwa nguvu. Akajua kwamba sauti ile kavu ilikuwa inajikaza.

*

Baada ya alasiri daka lilijaa. Gharib alifika na bakuli tupu la kaure, akasimama nje ya kizingiti bila kungoja kuambiwa.

"Bwana Abdulqadir, nimeleta maelezo yako."

Akasema yote. Hakuongeza, hakupunguza, wala hakutia kina wala mizani. Alipofika kwenye mfereji, Jeilani akapiga paja.

"Jamani! Fundi kashindwa na samaki!"

"Nimeshindwa," akasema Gharib. "Wao walikuwa wakifanya kazi mle kabla yangu, nami nikawafukuza kwa kibri. Na wewe, Jeilani, ndiwe mwenye samaki. Nimekuja kukuomba. Nijazie bakuli hili, niwatie nyumba zote tatu."

Kicheko cha Jeilani kikapungua, kikakwisha. Alizoea Gharib wa kugombana naye, na Gharib wa kuomba hakujua amweke wapi.

"Nikikunyima?"

"Utakuwa umemnyima ami yako, si mimi."

Kutoka ndani akatokea Fadhil, amejifunika shuka hadi masikioni, midomo mikavu. "Jeilani, mpe. Kama hutaki kumpa yeye, nipe mimi, niende nikalale. Baba, ni maneno yaleyale ya daktari. Niliyaleta mwenyewe hapa, mkanambia jua la forodhani limenipiga."

Bwana Abdulqadir akamtazama mwanawe, akamtazama yule kijana wa Pate na bakuli lake tupu.

"Na nyota?" akauliza mtu mmoja.

"Nyota hazina viluwiluwi," akajibu Bwana Abdulqadir. "Jeilani, inuka."

Jeilani akainuka, akachukua bakuli. Njiani akamwambia Gharib kwa sauti ya chini, "Ulipokunywa ile kata niliogopa kweli. Nilidhani utakufa kwa ubishi."

"Nami vilevile," akasema Gharib, na kwa mara ya kwanza wakacheka pamoja.

Jioni ile fundi alibisha hodi milango mitatu, bakuli mkononi, na kila mlango akaeleza kosa lake upya. Kwa Bi Swafiya aliambiwa, "Ungesema mapema, ningekuchapa kwa mkia wa samaki taa!" Halafu akapewa kahawa.

Posa haikurudi. Lakini Bwana Abdulqadir hakuharakisha harusi pia. Alingoja hadi kwinini ikamaliza kazi, mbu wakaadimika, na nyumba ikalala bila mtu kuomba shuka ya pili.

*

Harusi iliangukia baada ya maulidi. Msafara wa bwana harusi ulipofika mlangoni na matari yake, Bwana Abdulqadir akajitokeza dakani, akanyoosha mkono.

"Hapo hapo, Gharib! Usivuke kizingiti changu."

Matari yakakatika. Wageni wakatazamana. Gharib, na joho lake na kilemba chake, akabaki na mguu hewani.

Bi Radhiya akatokea nyuma ya pazia, amejifunika vizuri, akampitishia Barka bakuli la kaure, na Barka akamkabidhi bwana harusi. Ndani yake samaki watatu wadogo walikuwa wakizunguka, hawana habari na harusi.

"Wasipungue," ikasema sauti ya bibi.

"Hawatapungua, bibi."

"Sasa vuka, mwanangu," akasema Bwana Abdulqadir, macho yamemlowa. "Na tazama usimwage."

Matari yakalipuka upya.

Asubuhi ya kwanza ya fungate, Alawiya alimkuta mumewe ameinama juu ya birika. Chini kabisa, ile chokaa nyeupe ilikuwa imeanza kuota ukijani.

"Kazi yako imechafuka," akasema.

"Iache ichafuke."

"Ni wewe unayesema hivyo? Au ni homa?"

"Kaa hapa. Nimewatungia."

"Umewatungia samaki kabla ya kunitungia mimi?"

"Lako ni refu, bado linaiva. Sikiliza hili."

Akakaa, akaegemeza kichwa begani kwake, na Gharib akayasomea maji kwa sauti ya chini:

*Samaki mdogo bwana, fundi hodari ni wewe,*
*Yangu yaonwa mchana, yako hapana ajuwe.*
*Nakuomba kwa amana, humu usiondolewe,*
*Tukijaliwa na wana, nawe wako walelewe.*

Alawiya akacheka, akachovya ncha ya kidole chenye hina majini. Samaki mmoja akapanda, akakigusa, akateremka tena kazini.