Matone Matatu ya Karafuu

Kila asubuhi Adija alimwosha bibi yake uso, akamkanda miguu, kisha akaenda porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni. Pale Chiwata hapakuwa na chakula kingine. Vita vya Maji Maji vilikwisha, lakini askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamechoma maghala na mashamba, na baba yake Adija hakurudi. Njaa ikaingia kila nyumba bila kupiga hodi.

Bibi Sijaona alibaki mifupa mitupu, hata kubebwa hawezi. Alikuwa na ombi moja tu, kumwona mjukuu wake Pili, mdogo wake Adija, akitoka unyagoni na kuletwa mbele yake.

"Nikishamwona, hata kesho mnizike," alisema, wala hakuwa akitania.

Mwali hatoki ndani mpaka siku yake, na siku hiyo hupakwa mafuta ya nyonyo, yaani mbarika, ang'ae. Minyonyo mingi iliungua vitani, mafuta yakabaki kidogo kibuyuni. Mama akampa Adija kibuyu hicho pamoja na kichupa cha mafuta ya karafuu ambayo bibi alikuwa akitulizia jino. Akamwagiza atie kibuyuni matone matatu, yasizidi, kwa ajili ya harufu. Kisha akaenda kupika.

Adija alimpenda sana mdogo wake, na mapenzi nayo yana upofu wake. Alijiambia kwamba ikiwa tone moja linanukia vile, mafuta ya karafuu matupu yatamfanya Pili mwali wa kusifiwa mpaka Newala. Laiti angeuliza! Akampaka mashavuni na shingoni bila kuchanganya.

Pili aliungua, asiseme. Mwali hufundishwa kuvumilia, naye alivumilia mpaka machozi yakamtiririka. Kungwi wake, Mama Halfani, alipoingia alikuta mashavu yamevimba na malengelenge yameanza kutoka. Akasema mwali hatoki na uso ule. Wanawake mlangoni wakaanza kunong'ona kwamba Pili amevunja miiko. Mtoto wa watu akainamisha kichwa, akabeba aibu isiyo yake.

Adija aliogopa, lakini kumwona vile kulimuuma kuliko njaa.

"Ni mimi," alisema. "Sikuchanganya. Nimempaka karafuu tupu."

Mama yao alikuja mbio. Hakumpiga. Alimfuta Pili taratibu kwa mafuta ya nyonyo yaliyobaki, kisha akamwosha kwa maji baridi. Siku ya kumtoa ikasogezwa mbele wiki moja.

Kila asubuhi bibi aliuliza kama mwali ametoka. Adija alimjibu bado, huku akigeuza uso. Siku ya nne bibi hakuuliza tena. Alikuwa amefariki.

Pili alipona, akatolewa bila ngoma wala vigelegele kwa sababu ya msiba. Adija alijitenga nyuma ya nyumba, akilia. Mama Halfani akamfuata, akaketi kando yake.

"Mwanangu, kitu kikitoka mtini hakiwi salama kwa sababu hiyo tu," alisema. "Kinachotuliza jino huweza kuchoma shavu. Mafuta makali huchanganywa, hujaribiwa kidogo mkononi, na mtu akangoja. Usipojua, uliza. Ulisema kweli mapema, ndiyo maana mdogo wako hana kovu."

"Na bibi je?" Adija aliuliza.

Mama Halfani akamshika mkono.

"Bibi hakumwona," alisema. "Hilo, mwanangu, halina dawa."