Picha Mia Tatu na Amri Isiyoonekana

Mzee Tabasamu alikuwa mpiga picha. Kutwa nzima aliwaambia watu, "Tabasamu kidogo!" Yeye mwenyewe alikuwa na uso wa mtu anayeumwa jino. Ndipo majirani wakampa jina hilo.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Palikuwa na kiti, pazia la buluu, taa mbili na kompyuta. Ukutani palikuwa na droo tatu za betri, lenzi na kadi za kamera. Akitaka kitu, alitaja jina tu, na mtu wa nyumbani akaenda kwenye droo kumletea.

Wiki ile aliwapiga picha wanafunzi mia tatu kwa ajili ya vitambulisho vya mtihani. Kamera ilizipa picha nambari zake. Shule ilitaka kila picha iwe na nambari ya mwanafunzi. Asiye na kitambulisho asingeingia kwenye mtihani.

Mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa, aliijua kompyuta vizuri. Alimwandikia baba mkwe wake skripti, yaani faili yenye amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine.

"Baba, hii itafuata orodha ya shule na kubadilisha majina yote ya picha kwa dakika moja," alisema. "Utaiendesha kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikuoneshe?"

"Mwanangu, mimi nilishika kamera kabla hujazaliwa."

Mkamwana akamwachia skripti, akarudi ndani.

Asubuhi mwalimu alifika kuchukua picha. Mzee Tabasamu akafungua dirisha jeusi, akaandika jina la skripti, panga.sh. Kompyuta ikajibu: command not found. Maana yake, amri haikupatikana. Akaandika tena, akizipiga herufi kwa nguvu kama anayemwita kiziwi. Jibu likawa lile lile.

"Faili si hii hapa!" Aligonga kioo kwa kidole. "Naiona kwa macho yangu!"

"Mzee, mtihani ni kesho," mwalimu alisema.

Jasho likamtoka. Mtu akibanwa hutafuta wa kumtwika mzigo.

"Ni huyu mkamwana wangu. Kaniletea takataka. Kusoma kwingi, kazi hakuna!"

Mwalimu akatazama mlangoni. Mkamwana alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, glasi ya maji mkononi. Akaiweka glasi mezani polepole.

"Karibu maji, Mwalimu," alisema, akatoka.

Mwalimu hakuyanywa. Alisema atarudi saa tisa, naye akaenda zake.

"Mume wangu," mkewe alisema kutoka chumba cha pili, "maneno yako yangekuwa picha, ungezichana."

Mzee alinakili picha kwenye folda nyingine. Humo akaanza kubadilisha majina kwa mkono, picha moja moja. Kufikia saa sita alikuwa amemaliza arobaini, na msichana mmoja alikuwa na nambari ya mvulana mwenye ndevu.

Akainuka. Kutoka studio hadi uani ni hatua kumi. Siku hiyo aliziona mia. Mkamwana alikuwa anaanika nguo za mtoto.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

Alikuwa amekuja kuomba radhi. "Ile mashine... haitaki," alisema, akitazama chini.

Mkamwana akafuta mikono, akamfuata. Lakini hakukaa kwenye kiti. "Kaa wewe, baba. Mimi nitasema, wewe utaandika. Anza na ls. Hiyo inaonesha vilivyomo kwenye folda uliyopo."

Akaandika. Jina la panga.sh likatokea kwenye orodha.

"Si nilisema ipo!"

"Ipo. Sasa, baba, ukinituma betri, naitafuta wapi?"

"Kwenye droo."

"Na kama umeishika mkononi?"

"Utarudi uniambie haipo."

"Nitakuwa mwongo?"

"Hapana. Umetafuta kwenye droo, haimo."

"Basi kompyuta nayo ina droo zake za amri. Ukitaja jina tupu, inatafuta humo tu. Folda uliyopo haimo kati ya droo hizo. Lazima uiambie: hii ya hapa hapa. Weka nukta na mkwaju, ule mstari ulioinama, mbele ya jina."

Mzee akaandika ./panga.sh. Kompyuta ikajibu: Permission denied.

"Imekataa tena!"

"Soma, baba. Ni jibu lile lile?"

Akavaa miwani. "Hapana. Sasa inasema hakuna ruhusa."

"Basi tumesogea. Faili imeonekana, inangoja uipe ruhusa. Andika chmod +x panga.sh. Lakini ruhusa hii usiipe faili usiyojua ilikotoka. Hii unamjua aliyeiandika."

Mzee Tabasamu akainamisha kichwa. Alimjua, ndiyo. Na alikuwa amemvunjia heshima mbele ya mgeni.

"Ungeniambia haya jana," alisema kwa sauti ndogo.

"Jana ulikuwa umeshika kamera kabla sijazaliwa."

Akaandika amri ya ruhusa. Akaandika tena ./panga.sh. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo, moja baada ya jingine. Kabla hajavua miwani, picha zote mia tatu zilikuwa tayari.

Saa tisa mwalimu alirudi. Mzee hakumpa picha kwanza. Alimwita mkamwana wake.

"Mwalimu, asubuhi nilisema huyu kaniletea takataka. Neno hilo nililisema mbele yako, basi nalifuta mbele yako. Skripti ilikuwa nzima. Mimi ndiye sikujua kuiita, na niliona haya kuuliza. Takataka ilikuwa mdomoni mwangu. Nisamehe, mwanangu."

"Yamekwisha, baba."

Mwalimu alikohoa. "Kompyuta yetu ya shuleni nayo hunijibu hivyo hivyo. Nimewaambia wenzangu imeharibika."

"Nikuoneshe?" mkamwana aliuliza.

Mwalimu akamtazama mzee, akavuta kiti haraka. "Nioneshe."

Mzee Tabasamu akampokea mjukuu, akasimama nyuma yao asikilize tena tangu mwanzo.

Kesho yake wanafunzi mia tatu waliingia kwenye mtihani, kila mmoja na sura yake.