Tende za Chokoleti na Kahawa Iliyopoa

Jumatano asubuhi, soko la wanawake la mji wa Ibra likiwa limefurika, mwanamume aliingia.

Hakuingia kwa ubishi. Aliingia kama mtu anayeongozwa na simu, sikio kwa mama yake aliyekuwa Sur akimwelekeza kwa muuza ubani, macho chini. Dishidasha yake, kanzu ya kiume, ilipigwa pasi ikanyooka kama karatasi, na kofia yake ya nyuzi za buluu ilikaa upande kidogo. Alishafika katikati ndipo akasikia kimya. Wauza vitambaa walikuwa wameacha kupima. Bibi mmoja mwenye barakoa ya Kibedui usoni alimgonga muundi kwa fimbo, akamwambia kwa Kiarabu kwamba leo ni siku ya wanawake, na macho hakupewa ya kutazama chini tu.

Kijana akarudi nyuma, akajigonga kwenye meza ya Alya. Sinia la ndizi zilizochovywa chokoleti likateleza. Alya akaliwahi kwa mikono miwili.

Alya alikuwa amevaa abaya ya kijani iliyokolea na shela nyeupe, na kwenye mkono wa abaya palikuwa na doa la chokoleti ambalo hakuwa na habari nalo. Alikuwa na shahada ya kemia. Kazi alikuwa bado hajapata, basi akaigeuza kemia yake kuwa tende, ndizi na stroberi za chokoleti alizotengeneza jikoni kwao. Alimwinamia mama yake, Bi Fatma, akamnong'oneza kwa Kiswahili:

"Mama, huyu kapotea njia au kapotewa na akili?"

"Njia tu, dada," kijana akajibu, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Akili ninayo, ila nimeiacha kwenye gari."

Bi Fatma akacheka mpaka akashika kiuno. Kijana akamgeukia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Mama yangu wa Sur, wazee wake walirudi kutoka Mombasa. Baba ni wa mji wa Adam. Watu wa huko Afrika hawakuiona hata ndotoni." Akatazama meza. "Nipeni kimoja nile. Kama nafukuzwa, nifukuzwe nimeshiba."

Alya akampa tende ya aina ya khalasi iliyotolewa kokwa, ikatiwa lozi, ikavishwa chokoleti nyeusi. Kijana akaiuma, ganda likavunjika, akafumba macho. Fimbo ya yule bibi ilimgonga tena, naye hakuihisi.

Aliitwa Nadhir, daktari wa mifugo mjini Nizwa. Aliondoka na boksi ambalo juu yake paliandikwa namba ya simu, na Alya aliporudi nyumbani alikuta ujumbe: "Hii namba ni ya chokoleti au ya mwenye chokoleti?"

"Ya chokoleti," akaandika. "Mwenyewe hauzwi."

"Basi sinunui. Naomba kufundishwa."

Akamfundisha. Kila jioni baada ya kazi Nadhir aliiegemeza simu kwenye mtungi wa sukari jikoni kwake Nizwa, na Alya, huku Bi Fatma akisinzia kwenye kiti jirani, alimwongoza kutoka Ibra. Kata chokoleti vipande vidogo. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka taratibu, bakuli lisiguse maji. Koroga pole pole, usifunike, mvuke usije ukadondokea ndani.

"Imeganda kama saruji," Nadhir alilalamika mara ya kwanza. "Nimefanya yote uliyosema."

"Stroberi ulizikausha?"

"Nilizikung'uta. Kama mbuzi aliyenyeshewa."

"Nadhir, tone moja la maji linaliharibu bakuli zima. Zikaushe moja moja kwa kitambaa, kama unamfuta mtoto uso."

"Mgonjwa wangu wa leo alikuwa ngamia. Mikono yangu haijui kumfuta mtoto."

"Itajifunza."

Kila mmoja akalisikia lile neno upya. Kisha Nadhir akasema, kwa sauti ya chini, "Inshallah itajifunza, roho yangu." Bi Fatma, aliyedhaniwa amelala, akajisafisha koo.

Ndizi zake za kwanza zilitoka na madoa kama chui, za pili zikatoka kipara, na za tatu alizipeleka kazini zikaliwa kabla ya adhuhuri. Alimpigia Alya akiwa bado kwenye zizi, mbuzi wakilia nyuma yake. "Habibti, nimefaulu. Sasa nataka kumleta babu yangu kwenu."

Babu Hazim ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wao kule Adam, na bila yeye hakuna binti aliyeposwa. Alya alijua kwamba siku hiyo moja ndiyo ingeamua kama atakuwa mke wa Nadhir au la. Akatengeneza sinia kama hajawahi: tende zenye lozi, stroberi zenye michirizi myeupe, vipande vya embe kavu vilivyochovywa nusu, ndizi zilizonyunyiziwa ufuta.

Wageni walifika baada ya Alasiri, wazee watano wenye vilemba na fimbo, Nadhir nyuma yao kimya kama inavyompasa kijana mbele ya babu yake. Babu Hazim alikuwa mrefu, ndevu nyeupe, jambia kiunoni. Kiyoyozi kilimuumiza magoti, akaomba kizimwe. Alya na mama yake wakasimama nyuma ya mlango wa jikoni, ulioachwa wazi kidogo tu.

Baba yake Alya, Mzee Khelef, alizaliwa Ujiji, na mabinti zake wakubwa aliwaoza kwa watu waliotoka huko huko. Kwao mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Akawasogezea sinia, akawamiminia kahawa, akasubiri.

Babu Hazim akapokea finjani. Hakuinywa. Aliitua chini mbele yake, polepole, ikiwa imejaa, akamtazama mwenye nyumba. Wazee wengine wakatua zao.

"Karibuni, kuleni," Mzee Khelef akasema.

"Kheri ipo," Babu Hazim akajibu, asiguse kitu.

Wakazungumza habari za mvua. Wakazungumza bei ya mbuzi. Mzee Khelef akasogeza sinia karibu zaidi. Babu Hazim akaitazama finjani, kisha akamtazama yeye. Wakazirudia mvua. Nyuma ya mlango, Alya aliona stroberi zikianza kutoka jasho, michirizi ikififia, tende zikishikana. Hakuna mkono ulionyooshwa. Ilipoadhiniwa Magharibi wageni wakasimama, wakashukuru, wakaenda. Nadhir alipopita karibu na mlango wa jikoni uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka mazikoni.

"Walikuja kututazama," Mzee Khelef akasema, akiliangalia sinia lililoyeyuka. "Wametuona si watu wa kuliwa chakula chao."

Nadhir alipiga simu kabla Alya hajamaliza kuosha vyombo.

"Babu yako hakuonja hata tende moja," Alya akasema.

"Na baba yako akamwacha aondoke finjani imejaa. Mzee wa miaka ile, mbele ya ndugu zake."

"Nani alimkataza kunywa?"

"Alya, usinifanye mtoto. Maana yake kila mtu anaijua."

"Hata mimi naijua. Kwa wazaliwa wa Ujiji hakuliwi chakula."

"Hivyo ndivyo unavyonifikiria?"

Alya alikata simu, akaifungia kwenye kabati la unga.

Jumatano zikapita, simu isilie ila kwa wateja. Alya aliendelea kuchovya, kwa sababu mikono ilihitaji kazi, lakini Bi Fatma aliona kwamba hachori tena michirizi.

Siku moja sokoni Wadha, mama wa Kibedui aliyeshona barakoa kwenye mkeka jirani, alikuja akaketi mbele ya meza. Alya akammiminia kahawa kutoka kwenye chupa yao. Wadha akaipokea, akaitua chini.

"Kunywa, khala," Alya akamwambia, akimwita mama mdogo kwa heshima. "Itapoa."

"Ipoe. Nina haja kwako. Siinywi mpaka uniambie nimeipata."

Alya alibaki na chupa mkononi. "Haja gani?"

"Sema kwanza, binti. Ndiyo desturi. Mgeni mwenye haja huitua finjani, na mwenye nyumba humwambia: kunywa, umepewa."

"Na mwenye nyumba akinyamaza?" Alya akauliza.

"Amekataa. Mgeni anaondoka na aibu yake."

Alya akaishika meza. Aliiona tena ile jioni: mzee akiitazama finjani, akimtazama baba yake, akiitazama finjani. Mzee wa watu alikuwa akimposa tangu alipoketi.

"Kunywa, khala," akasema, machozi yakimlenga. "Umepewa."

Wadha akainywa yote, akapangusa mdomo, ndipo akasema haja yake. Binti yake Hiba amehitimu uuguzi, wa kwanza kwao kusoma. Jumamosi ijayo watamfanyia sherehe nyumbani, kwenye bonde la Wadi Bani Khalid. Matunda ya chokoleti yakibebwa njiani na joto hili yatafika uji, kwa hiyo anataka Alya aje ayatengenezee pale pale, sinia nne, wasichana wamwone.

"Nitakuja mwenyewe," Alya akaahidi. Kisha akamwachia mama yake meza, akatoka mbio na simu.

"Nadhir, usikate. Baba hakujua. Wallahi hakujua. Kwetu mgeni hula kwanza ndipo anaulizwa. Alikuwa anawasubiri mle."

Nadhir akashusha pumzi ndefu. "Nasi tulikuwa tunamsubiri ajibu."

"Saa nzima na nusu."

"Na zile mvua," Nadhir akasema. "Alya, babu alirudia mvua mara nne. Hajawahi kuzungumza mvua maishani mwake." Akaanza kucheka, na katika kicheko sauti yake ikakatika. "Ningekuuliza. Kosa langu, nilipaswa kukuuliza."

"Na mimi nilikuwekea maneno ambayo hukuyasema. Nisamehe, mpenzi."

"Babu yangu na baba yako walishindana kwa adabu, sisi ndio tukaumia."

Jioni hiyo Nadhir aliendesha gari mpaka Adam. Babu Hazim alimsikiliza mpaka mwisho, akasema atarudi Ibra mara moja tu, Jumamosi ijayo, maana Jumapili anapelekwa ng'ambo kutibiwa macho na haijulikani atarudi lini.

Jumamosi ijayo. Alya alipoambiwa, aliwaeleza kwamba ndiyo siku ile ile ya sherehe ya Hiba.

"Mwambie huyo mama umepata dharura," Mzee Khelef akasema. "Posa yako mwenyewe, mwanangu, nawe uko mabondeni unachovya ndizi?"

Nadhir kwenye simu alikuwa mpole zaidi, na kwa hiyo alimuuma zaidi. "Mama anakuja kutoka Sur akuone. Babu akikukosa atadhani tumekataliwa mara ya pili. Hatakuja mara ya tatu, roho yangu. Namjua."

"Nilimwambia Wadha anywe, Nadhir, naye akanywa. Nikilivunja neno lile, babu yako ataliaminije neno la nyumba yetu?"

Alimsikia akitembea huku na huku. "Nenda," akasema hatimaye. "Mimi nitasema naye. Nikishindwa, nimeshindwa nikiwa upande wako."

Jumamosi nyumba ya Wadha ilijaa wasichana. Hiba alivaa jalabia nyekundu yenye nyuzi za dhahabu na hina mpaka kwenye viwiko. Alya aliziosha stroberi, akawagawia wasichana vitambaa wazikaushe, akawaonyesha kuchovya, kuzungusha, kuacha itiririke, kulaza kwenye karatasi ya kuokea. Wakachafuka, wakacheka. Alya alicheka nao, jicho kwenye simu.

Sinia la tatu lilipoingia friji, simu ikalia. Mikono yake ilikuwa chokoleti tupu. Hiba akamshikia sikioni.

"Alya." Ni baba yake, akiwa mbele ya wageni kwenye majlisi, sebule ya wanaume. "Mzee ameitua finjani. Nimemwambia uko wapi, na kwa nini. Ananiuliza: huyo mama wa Kibedui, alikunywa?"

"Alikunywa, baba."

Akamsikia akilipeleka jibu. Akasikia fimbo ikigonga sakafu, kisha sauti nzito ya mzee ikisema kwa Kiarabu kwamba binti anayelilinda neno alilompa mgeni ndiye aliyekuja kumtafuta, yupo au hayupo.

"Mwanangu," Mzee Khelef akasema, "nimwambieje?"

Wasichana walikuwa wameacha kila kitu. Bakuli lilifuka.

"Mwambie anywe, baba. Amepewa."

Vigelegele vya Bi Fatma vilipasua simu, na wasichana wa Wadi Bani Khalid wakavipokea bila kuulizana. Kisha Nadhir akaja hewani, akihema kama aliyetoka mbio. "Amekunywa. Sasa anakula tende yako ya pili, hataki kugawana. Habibti, tunaondoka kabla ya Magharibi, mama anarudi Sur. Ukitoka sasa hivi utatukuta mlangoni. Nataka kukuona leo, hata kwa mbali."

Alya alifumba macho. Alimwona pale mlangoni, na kofia yake ya upande.

"Nenda, binti," Wadha akamwambia. "Gari lipo. Tatu zinatosha."

"Nilisema nne, khala."

Akamwambia Nadhir, "Nisalimie mama yako. Mwambie nitamfuata mwenyewe Sur." Hiba akaizima simu. Alya akajifuta machozi kwa bega, akamwita msichana aliyekuwa karibu amsogezee ndizi, akaanza sinia la nne.